Vaseline kwa Kioo ya Kamera

Bwana Chef wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, mwenye kufika mbele ya saa na kutuaibisha sisi wenye nyumba. Pasta Ézéchias, baba yetu wa paruwasi. Bwana Préfet wa shule. Bazee ba kanisa. Bamama ba kwaya, mwenye mulikuja na masauti na masufuria pamoja. Batu ba Mususa na ba Kimemi. Ndugu zetu ba Kalunguta, mwenye matope ya njia ingali kwa viatu. Batoto pale chini. Na weye Mwalimu Kabongo, mwenye siku ni yako: mi nabasalimia wote, kila mutu kwa kiti yake, na mwenye hana kiti kwa miguu yake.

Munanijua. Mi ni Gracien wa kamera. Kama ulioa hapa Butembo tangu vita ya kwanza, na kama mariage yako ilikuwa na keki, mi nilikuwa pale. Najua nani alilia kweli na nani alipaka mate kwa macho. Najua ni mzee gani wa kanisa alirudilia kwa sahani ya nyama na kofia ingine ili basimujue. Musiangaliane, jina sitasema. Kasete ziko kwangu.

Pasta aliniomba niseme maneno ya kumuaga Mwalimu. Akaniambia, «Gracien, maneno kidogo.» Nikamujibia, «Pasta, kama vile mahubiri yako?» Akaniachia micro. Donc naona niko na wakati.

Ndugu zangu, huyu Mwalimu alitoka Kasai, bakamutuma hapa kufundisha Kifaransa kwa mwaka moja. Vita ikafunga njia nyuma yake sawa mulango ya kuku. Akabakia. Mushahara hakuna, barua hakuna, bibi yake wa ndoa, Élise, iko ngambo ingine ya vita, na yeye kila asubui anapita mu vumbi ya Mususa na pantalon yenye mustari yake ingeweza kukata sabuni. Siku ya kwanza tulimupa obundu, ugali yetu ya muhogo, akauliza kwa heshima kama ni ya kula ao ni ya kujengea. Leo anakula mbele ya mwenye nyumba kunawa. Alijifunza Kinande ya kusema wasingya, ile asante yetu, na ya kusema bei iko juu. Na hapa Butembo, mutu anahitaji kujua nini zaidi?

Sasa njia imefunguka. Kesho anapanda ndege kule Beni, anaenda kwa bibi yake. Tunapaswa kufurahi. Mais mumuangalie uso vizuri. Munaona ni uso ya mutu mwenye anafurahi yote? Mimi hapana ona. Juu mu hii salle kuko mutu moja mwenye hajamujibia Mwalimu salamu tangu ile Siku ya Mungu tulionyesha filme hapa. Na sababu ya hiyo, batu bangu, siyo Mwalimu. Sababu ni mi. Pasta alifikiri ananipa micro ya kusifu. Nimeikamata ya kutubu.

Tuanze kwa mwanzo, batoto basipotee.

Munakumbuka ile wakati, batu balikuwa banarudia kutoka mu njia na mu pori, mwili muzima, kichwa hapana. Mathe wa Kalunguta munamujua. Alikuwa anafanya kazi ya kupandisha viazi mu camion ya Beni. Camion yao ikaangukia mu mikono ya benye silaha. Mathe akarudia kwa miguu, hana hata kidonda. Mais ukimuita, anageuka nyuma ya wakati. Kitu ikianguka, yeye iko chini mbele kitu haijafika chini. Batu bakamuuliza bibi yake Kavira: «Bwana yako analewaka?» Kavira akabajibia: «Hapana kulewa. Hapana wazimu. Iko mbali kidogo. Atafika.»

Njo paruwasi ikasema tufanye filme, ili familia zijue namna ya kupokea batu kama hao. Mwalimu aandike na aongoze. Mi nishike kamera. Gérard wa kwaya, wa sauti ya bass, acheze ule mutu mwenye anarudia. Tulimuchagua Gérard juu akianguka, inaonekana.

Mwalimu hakuanza na kamera. Alienda Kalunguta kwa baiskeli ya kukopa, akaikaa na Mathe nyuma ya nyumba, bakitoa maharagwe mu maganda. Siku ya kwanza Mathe hakusema. Ya pili hakusema. Maharagwe ikaisha, bakaanza kutoa ya jirani. Kavira njo alinihadisia: siku moja anasikia bwana yake anasema, anasema, sawa mutu mwenye anamwanga maji yenye ilikuwa imefungiwa. Alimuambia Mwalimu vile anaonaka dunia. Alisema: «Batu banafungua vinywa, sauti inafika kisha, ao haifike. Naona kitu moja tu katikati, ingine yote inayeyuka. Nyumba zinainama. Kitu inaanguka mara moja, mi nasikia inaanguka tena na tena.» Hakuna mutu mwingine alikuwa amesikia hayo, hata mama yake. Ilikuwa siri ya mutu, na aliitoa kwa mugeni.

Mwalimu akakuja kwangu na kikopo ya vaseline.

«Papa Gracien, paka hii kwa kioo.»

«Kioo gani?»

«Ya kamera.»

«Mwalimu, hii kamera ni ya kuolesha batu.»

«Tuweke kioo ingine mbele, basi. Paka pembeni yote, katikati uache safi.»

«Na batu batamuona Gérard namna gani?»

Akaniambia: «Sitaki bamuone Gérard. Nataka baone bintu Gérard anaona.»

Bandugu, mi masomo yangu iliishia primaire, na kamera nilijifunza kwa mutu mwenye alijifunza kwa maandiko ya carton yake. Ile maneno ilipita juu ya kichwa yangu sawa ndege. Nikapaka.

Tukaingia mu soko. Mwalimu anasema inamisha kamera. Namuambia nyumba zitaanguka. Anasema, «Kwa macho yake zinaanguka.» Bamama ba soko banapiga kelele ya bei, kelele muzuri ya Butembo, na yeye ananiambia hii sauti yote tutaitoa, tutabakisha pumuzi ya Gérard tu. Pumuzi ya Gérard! Gérard akipumua ni camion inapanda mulima. Kisha ile fasi ya kula: bibi anamutilia sahani, batoto banakula banamaliza banatoka, na kamera ibakie kwa mukono yenye kushika kijiko. Ibakie. Ibakie. Mupaka mi nilisikia haya, sawa mwenye kuangalia dirisha ya jirani. Na jerrycan ya mafuta, yenye kuwa tupu, inaanguka mara moja, mais Mwalimu anataka tuisikie tena na tena, na kila mara ipite na picha ya ile njia ya msitu, haraka, hata haujue umeona nini.

Kwangu hiyo yote ilikuwa makosa ya kazi. Mutu mwenye kulipa mariage, ukimuletea mama-mukwe mwenye pembeni yake inayeyuka, atakuletea ndugu zake na fimbo. Mi niko na jina hapa. Jina yangu ni nini? «Gracien, picha clair.» Iko kwa mulango ya atelier yangu ya picha, kwa rangi: clair, ni kusema ya kuonekana safi.

Basi nikafanya nini? Kila mara Mwalimu akitoka kunywa maji, nilirudilisha ile scène kwa siri. Kamera kwa miguu yake mitatu, kioo safi, kila kitu clair, kila mutu anaonekana kichwa mupaka viatu. Nilimuambia Gérard ni ya réserve. Gérard alikubali juu mu ile scène kulikuwa ndizi. Musimulaumu. Tangu kuzaliwa kwake Gérard hajakataa ndizi.

Kisha malaria ikamulaza Mwalimu. Siku ya kuonyesha inakaribia, na kazi ya kuunganisha picha ikabakia kwangu mimi peke, na magnétoscope mbili, mashini za kuchezesha kasete, na kichwa yangu nguvu. Yenye kuinama, nikatoa. Yenye vaseline, nikatoa. Mukono na kijiko, nikatoa yote. Kelele ya soko nikairudisha. Na juu niliona filme inakuwa na huzuni, nikaongeza muziki ya mariage kidogo.

Mukumbuke ile Siku ya Mungu, hapa hapa, kisha ibada. Mwalimu alitoka kwa kitanda, amevaa koti juu ya baridi ya malaria, akaikaa mbele. Yeye mwenyewe hajaona kitu. Mathe alikuja kutoka Kalunguta na Kavira. Alikuja juu aliahidiwa kitu moja: leo batu bataona vile anaonaka, na hatalazimika kubaelezea.

Na mulionyeshwa nini? Mutu munene, clair kabisa, anatembea mu soko. Jerrycan inaanguka, pwa. Mutu munene anajitupa chini ya meza ya sombe. Majani inamumwangikia. Bamama banamuangalia. Na kinanda ya mariage inalia.

Mulicheka. Musikatae. Mi nilikuwa nyuma, niliona mabega. Pasta, na weye mabega. Bwana Chef, weye ulitoa leso, ukajifanya unakohoa. Siwahukumu. Hiyo picha nilitengeneza mi, ilikuwa ya kuchekesha, hata mi nilicheka, na nilikuwa najivuna juu hakuna hata fasi moja ilikuwa flou, ya ukungu.

Mathe alikuwa anasimama kwa mulango. Akaangalia batu bote vile banacheka, akaangalia Mwalimu, akatoka.

Kavira akapita mbele ya bazee bote, akasimama mbele ya Mwalimu. Akamuuliza: «Mwalimu, njo hii alikuambia?»

Mwalimu akaangalia télé. Akageuka, akaniangalia mi. Na mi, bandugu, mbele ya kanisa nilisema nini? Nilisema: «Magnétoscope ilikula bande ya kasete.»

Mwalimu akamuambia Kavira: «Filme ni yangu. Kosa ni yangu.»

Munajua yenye ilifuata. Bazee balimuita. Mu kartie bakasema, Mukasai amekuja kucheka bagonjwa betu. Bengine bakasema ni hivyo, batu ba mbali. Mathe akianza kumuona Mwalimu anatokea, anavuka njia. Mwalimu anamuita, «Mathe, jambo,» na safari hii siyo kichwa inachelewa. Alikuwa anasikia. Alikuwa anakataa. Na Gracien picha clair iko wapi? Gracien iko kwa mariage ya mutu, anaambia bibi-arusi ainue kidevu.

Sasa, Mungu wetu anapenda kuchekacheka batu. Alinichekea kule Beni.

Nilikuwa nafilmer mariage, mchana, mu parcelle, mu uwanja ya nyumba ya batu bazuri. Kamera kwa miguu mitatu, inaangalia meza ya keki. Basoda ba jeshi bakaanza kupigana bao kwa bao mu njia ya nyuma. Risasi. Na mi, mwenye kusimama karibu na keki, sijue kitu ilinifikisha chini. Niliona tu niko chini ya meza.

Na pale chini, bandugu, nani alizima sauti? Naona mama wa bibi-arusi, kinywa wazi, shingo imevimba, analia kwa nguvu yake yote, na mi sisikie kitu. Nasikia pumuzi yangu. Naona kiatu moja nyeupe katikati ya macho yangu, clair, hata uzi yake naona, na pembeni ya kiatu kila kitu inayeyuka. Nyumba inainama. Sahani imevunjika mara moja, na mi naisikia inavunjika, inavunjika. Sijue ilidumu namna gani. Na kichwa yangu, mu ile woga, ikauliza swali moja tu ya upumbavu: nani amepaka vaseline?

Njo nilijua. Ule mutu wa Kasai hakuwa anaharibu picha. Alikuwa anasema kweli, kweli yenye mi sikuwa nimeionaka kwa macho yangu.

Mais haijaisha. Kamera yangu haikuogopa. Ilibakia imesimama, inakamata. Kisha, hapa Butembo, nikatia kasete nijione. Munajua niliona nini? Picha clair, nzuri, haitetemeke. Mutu wa makamo na tumbo anapotelea chini ya meza sawa panya. Keki inamuangukia kwa kichwa. Anabakia pale, matako nje, na cream. Niliita bibi yangu, nikamuambia, «Mama Hadassa, angalia vile nilitaka kufa.» Akaangalia. Akakaza kinywa. Akatoka nje ya nyumba. Nikamusikia kule jikoni anacheka mupaka akaikaa chini.

Bibi yangu, mwenye ananipenda. Kama angecheka Mathe, ningesema nini?

Nawauliza ndugu zangu, nauliza na Bwana Préfet mwenye kusoma sana: picha ya kweli ni ipi? Ni ile yenye kuonyesha mutu vile jirani anamuona kwa upenu ya nyumba yake? Ao ni ile yenye kutuingiza mu kichwa yake, tuikae kule kidogo, hata kama kule nyumba zinainama? Miaka yote nilipakia rangi kwa mulango yangu neno clair. Ile siku ya keki picha yangu ilikuwa clair, na ilisema bongo, uongo mutupu, mwanzo mupaka mwisho.

Juzi nilienda kwa Mwalimu. Alikuwa anakunja mashati mu valise yake ya safari. Nikamuambia:

«Mwalimu, magnétoscope haikukula kitu.»

Hakuacha kukunja. «Najua, Papa Gracien.»

«Unajua tangu lini?»

«Magnétoscope yenye inakula scène zangu tu, na inaacha zako? Hata kwetu Kasai mashini haina akili na mayele hivyo.»

«Na juu ya nini haukunitaja?»

«Mi ni mugeni. Jina yangu nitaenda nayo mu valise. Yako inabakia hapa, na batoto bako banakula kwa ile kamera.»

Nikakamata shati moja, nikaanza kukunja na mi. Kisha akaweka shati chini, akasema pole pole: «Jina mbaya naweza kubeba. Mais kuenda Mathe hajanijibia salamu, hiyo, Papa Gracien, haiingie mu valise.»

Bazee, mwenye mulimuita Mwalimu mu bureau ya kanisa, munisikie leo: alikuwa hana kosa. Muniite mi. Nitakuja, na sitaleta kamera.

Nilienda kutafuta ile picha zake mu atelier. Sisi ba Butembo hatutupake kitu. Kasete tunairudilia mupaka ipasuke. Ya kijiko, nilirekodilia juu yake mariage. Ya nyumba zenye kuinama, mariage. Kidogo nilie. Mais ya soko iko. Iko vile Mwalimu aliitaka, na vaseline yake, na pumuzi ya Gérard, na jerrycan. Ni kipande kifupi. Nakuomba radhi Mama Jokébed, mariage yako iko nyuma yake mu ile kasete: kwa mwisho utajiona ghafula unakata keki. Hiyo haiko mu mawazo ya Mathe. Ni weye.

Télé iko pale chini ya kitambaa, tutaonyesha sasa hivi. Sikuomba ruhusa ya Pasta, naomba sasa. Amekubali. Naona mabega.

Mathe.

Najua uko kwa mulango. Musigeuke, batu bangu, mumuache na mulango yake. Mathe, mi sistahili unisamehe mbele ya batu, hiyo tutaongea kwako, na nitatoa maharagwe mu maganda mupaka unene basi. Nasema kitu moja tu. Yenye ulimuambia Mwalimu nyuma ya nyumba, aliikamata yote, hakuongeza, hakucheka. Niliikata mi. Leo kipande yake inarudia. Ukitaka kuangalia, mulango itabakia wazi, hakuna mutu ataifunga. Ukitaka kuenda, uende, Kavira atakuhadisia. Mais ujue kama mu ile picha jerrycan inaanguka, na sauti yake ni kubwa, na inarudia. Mi nitasimama hapa, pembeni ya télé. Kila mara, mbele haijaanguka, nitainua mukono. Hakuna jerrycan itakukuta haujajua.

Bengine musiangalie mukono yangu. Nyie mustuke.

Aa. Kavira, pole pole, hapana mushike mukono, anatembea mwenyewe. Mumupishe pale. Mathe, kiti iko pale kwa kwaya... Hapana? Unataka pale, pembeni ya Mwalimu? Bwana Chef, unisamehe, najua ile ni fasi yako kwa heshima ya serikali, mais naomba usogee kidogo. Zaidi kidogo. Na weye Mwalimu, sogea ngambo ile, koti yako inaikalia fasi ya mutu.

Banasalimiana, Mathe na Mwalimu. Sikusikia yenye amesema, na haikuwa yetu.

Mwalimu Kabongo, uende salama kwa Mama Élise. Umuambie hapa tulikuwa tunakucheka juu ya pantalon, na hatukuwa na bingine. Wasingya. Bwana Chef, Pasta, bazee, bamama, ndugu wote, asanteni kunivumilia na masikio yenu. Bijana, muwashe groupe ya umeme, télé ifunguke.

Mathe, angalia mukono yangu.